Mwenye Nyumba Alipopiga Hodi

Jumamosi, Msalato

Kumbe mwenye nyumba hii naye ni mpangaji. Siku zote nimemalizana na dalali tu, nikidhani mwenyewe ni kigogo fulani wa Dar. Leo amekuja: mama muuza mboga, amepanga chumba kimoja mjini, kodi yangu inasomesha wanawe.

"Shikamoo mama, karibu ndani."

Akavua viatu mlangoni kama mgeni. Akaomba kuona chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama vilima.

"Nilipojenga, hapa ndipo nilipopanga kuweka kitanda changu," akasema, amesimama pembeni ya kitanda changu.

Iliniudhi. Halafu nikaogopa. Akiitaka nyumba yake, mimi...

Sasa ni usiku, ameshaondoka, nami nimelala kitandani nimejibana ukutani. Sijui kwa nini namwachia nafasi.