Mbao za Kilingo cha Daktari

Shamba la Hatch,
Barabara ya Kijito,
Vermont.
11 Machi

Mpendwa mdogo wangu Lorna,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji inayogeuka matope. U hali gani? Shemeji Curtis hajambo? Na Dexter wetu, ambaye ndiye hasa ninayemuulizia? Sisi tupo. Shemeji yako Royce ni mzima, ila kiuno kinamsumbua tangu tuanze kugema miti kupata utomvu wa kuchemshia shira. Mama anakusalimu kutoka kiti chake cha jikoni, anasema siku hizi humpigii simu. Mwanangu Eldon ameota vindevu na anavichana kama mzee wa kanisa. Na binti yangu Corliss, Mungu ashukuriwe, leo asubuhi amebeba ndoo za utomvu kutoka msituni, akapanda ngazi bila kushika ukuta. Nilijifanya naosha vyombo asinione machozi.

Barua yako nimeipata juzi. Nilipofika pale uliposema goti la Dexter limevimba kama boga, na daktari wenu anasema ni mpira tu, nilikaa chini. Kwa simu niliishia kulia na hukuelewa kitu, ndiyo maana naandika. Lorna, Julai mlikuwa hapa. Dexter na Eldon walishinda wamelala kwenye zile nyasi ndefu chini ya ukuta wa mawe. Huko kwenu jangwani daktari hamfikirii kupe wa kulungu, anayeuma watu kwenye nyasi za huku. Hatauliza. Mwambie wewe.

Sasa nikueleze yaliyotupata, maana mengi nilikuficha. Mwaka juzi wakati wa kukata nyasi, Corliss alitokwa na duara jekundu nyuma ya paja. Lilikuwa likipanuka, wala haliwashi wala haliumi. Kupe hakumwona, na angemwonaje, mdudu mwenyewe ni kama nukta ya kalamu yangu. Wewe umekulia hapa, unajua duara jekundu kwa mtoto anayelisha ndama watu hulionaje. Daktari Whitcomb hakuligusa hata kwa kidole.

"Choa cha ndama hicho," akasema. "Mpake dawa, na mwambie aache kuwakumbatia."

Tukacheka wote. Tukapaka, duara likaisha. Kumbe huisha lenyewe hata usipopaka, na ugonjwa unabaki ndani.

Baadaye ikaja homa, kichwa, shingo ngumu, uchovu wa kulala mchana kutwa. Whitcomb akasema mafua, katikati ya kiangazi. Majani yalipoanza kuanguka, goti likavimba. Akasema anakua. Royce akauliza, je, si ule ugonjwa wa kupe, ule wa Lyme? Akatuambia kila mtu siku hizi anautaka huo. Kisha akamgeukia mtoto mwenyewe.

"Msichana wa umri wako akichoka kukamua, goti huuma. Mpeni kazi, litapita."

Na mtoto akamwamini, Lorna. Hilo ndilo silisahau. Akawa anaamka kukamua huku anaburuta mguu, ananificha uso kwenye ubavu wa ng'ombe ili nisimwone analia, na ananiomba radhi kwa uvivu wake.

Tukampeleka kwa daktari mwingine ng'ambo ya mlima, mama mmoja mpole. Akamvua soksi, akamtazama mwili mzima, akatoa maji kwenye goti, akapima damu. Ulikuwa Lyme. Akampa vidonge vya mwezi mzima na goti likashuka. Lakini alikosa shule karibu mwaka, na mpaka leo akikimbia kidogo anachoka.

Whitcomb hajasema pole. Angesema pole tu, ningempa mlima wote awinde.

Unakijua kilingo chake, kile cha juu ya mti karibu na chemchemi, anachokaa kuvizia kulungu tangu enzi za baba mkwe. Novemba iliyopita akaja na kofia yake ya rangi ya chungwa na mkebe wa biskuti kuomba ruhusa, kama ilivyo ada. Nikamkuta mlangoni.

"Verna, habari za hapa. Nimekuja kukiona kilingo changu."

"Hakipo, daktari."

"Kimeanguka?"

"Nimekiangusha. Mimi na msumeno wa Royce."

"Kwenye mlima huu nimewinda tangu mzee Hatch yuko hai."

"Pole. Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

"Mtu wa umri wako akikosa kulungu, moyo huuma. Nenda kafanye kazi, yatapita."

Corliss alikuwa nyuma yangu kwenye ngazi. Nikamsikia anacheka, kicheko chake kile cha zamani. Biskuti alirudi nazo.

Nimepigilia vibao vya kukataza kuwinda kwenye kila mti wa barabarani. Majirani nikawasimulia, nao wakapigilia vyao, kwa hiyo sasa anawinda msitu wa serikali akisukumana na watu wa mjini. Mchungaji ameniambia nisamehe. Nimemwambia nitaanza Corliss akirudi kukimbia. Kanisani mimi ndiye ninayekata pai, na kipande cha Whitcomb huwa kinavunjika.

Kwa hiyo nisikilize. Muulize Dexter kama Agosti alipata homa, kama alitokwa na duara popote, kama upande mmoja wa uso uliwahi kulegea. Akisema hapana, apimwe vilevile, maana wengine duara hawalioni kabisa. Mwambie daktari: alikuwa Vermont, alilala kwenye nyasi, mpime Lyme. Akicheka, chukua koti lako utafute mwingine. Usione haya eti hatukusoma. Goti ni la mwanao.

Nimekutumia mkebe wa shira. Mbao za kilingo nilizitunza kavu msimu wote wa baridi, na juzi tumezichoma chini ya sufuria za kuchemshia utomvu. Mwambie Dexter anakula shira iliyochemshwa kwa kilingo cha daktari. Naona ni tamu kuliko ya mwaka jana.

Nisalimie Curtis, na mama mkwe wako Bernice. Mungu amwekee Dexter mkono wake juu ya goti hilo, na akupe wewe mdomo mkali.

Usingoje Jumapili kuniandikia. Gari la posta likipita nitakuwa nimesimama kwenye sanduku la barua, na ninachotaka ni neno moja tu: amepimwa.

Dada yako akupendaye, na hasira zake bado,
Verna