Sekunde Tatu za Shemeji Hilding

12 Oktoba 2009

Kwa Dada Gunvor,

Kama umekaa, simama kidogo, maana habari hii haipokelewi kitini. Leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi kumi na mmoja, mdogo wako amekata mlango. Yaani picha ya mlango: ulikuwa unafungwa kwa sekunde tisa, sasa unafungwa kwa mbili. Mwalimu amesema, "Vizuri." Unaruhusiwa kuwatangazia majirani.

Goti langu linakushukuru kwa kuliulizia. Siku hizi linalalamika kwenye ngazi tu. Kifua chako je? Na Shemeji Hilding, bado anakoroma hadi mbwa anahama chumba?

Tangu kiwanda cha mbao kifungwe nilijiona kama gogo lililosahaulika uani. Hapa shuleni angalau nina cheo: miongoni mwa wanafunzi wa filamu, ni mimi peke yangu ninayemzidi mwalimu umri, tena kwa miaka ishirini. Anaitwa Tuva. Ametupa kazi ya kutengeneza filamu ya dakika sita. Mimi nimekuja na saa nne za kura yetu ya nyama ya Septemba, na katika hizo, saa nzima ni viatu vyangu, kwa sababu nilisahau kuzima kamera.

Wenzangu ni watoto wa mjini, kura hawaijui. Nikawaeleza: kulungu akishakatwakatwa, nyama inapangwa mafungu kumi na manne mezani; Shemeji anageukia ukuta; Birger, mkuu wa wawindaji wetu, anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" na Shemeji, asiyeona kitu, anataja jina. Mmoja akauliza kwa nini hatutumii mizani. Nikamjibu kwamba mizani haina mgongo.

Kuhariri ni kazi ya ajabu, dada. Unaweka kipande hiki mbele ya kile, na mtazamaji anaapa kwamba ndivyo vilivyofuatana.

Mdogo wako,
Sixten

21 Oktoba

Mdogo wangu Sixten,

Nimesimama, nimekaa tena, na kahawa nimeshapika. Majirani wameshatangaziwa. Birger anauliza kama unaweza kuja kukata mlango wa ghala lake, maana unakwama.

Kifua kimepoa, ahsante. Mbwa sasa analala jikoni moja kwa moja. Hilding anajifanya filamu yako haimhusu, ila ameniuliza mara mbili kama mgongo wake unaonekana vizuri. Umvumilie. Miaka kumi na tisa anageukia ukuta ule. Kucheza dansi hajui, kuimba ndiyo usiseme. Hapa kijijini Granliden anaheshimiwa kwa jambo moja tu, kwamba hageuki. Kwa hiyo usimkate sana.

Na ule mboga, si mkate na jibini tu.

Dada yako,
Gunvor

29 Novemba

Kwa Dada Gunvor,

Natumai theluji imefika na kifua hakijaijua bado. Mimi mzima, ila macho yamekuwa mekundu kama ya sungura kwa kukodolea kioo cha kompyuta.

Filamu imekwisha. Ijumaa tuliionyesha darasani, na dada, walicheka. Si kile kicheko cha kumhurumia mzee. Walicheka kwelikweli, kijana mmoja hadi akateremka kitini. Ni pale kwa Shemeji. Sisemi zaidi, utajionea. Mwalimu Tuva alitaka kunihoji juu ya jambo fulani, nikamjibu haraka nikaenda kunywa kahawa na wenzangu, nao wakaninunulia keki. Lini mara ya mwisho mtu kuninunulia keki?

Diski hii hapa. Ionyesheni ukumbini kwenye kahawa ya sikukuu ya Mtakatifu Lucia, tarehe 13.

Mdogo wako mwenye majivuno,
Sixten

14 Desemba

Sixten,

Afya zetu si mbaya.

Jana tuliitazama, watu thelathini na kitu. Fungu lenye paja zuri likaguswa, "Hili la nani?" na Hilding akageuza shingo, akatazama meza, akarudi ukutani, akasema, "Hilding." Watu wakacheka. Halafu, mmoja mmoja, wakageuka kumtazama Hilding. Birger akasema, kama kwa utani, "Kumbe miaka kumi na tisa?"

Mimi niliyepika najua Septemba tulipata fungu la shingo na mifupa. Lakini ushahidi wa mke nani anautaka? Wengine hawakumbuki, siku ile kila mtu alikuwa anahangaika na mifuko yake.

Asubuhi Hilding amempelekea Birger barua ya kujitoa katika kundi la wawindaji. Ameniambia sentensi moja tu: "Sikugeuka." Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa na kamera. Aligeuka, au hakugeuka?

Gunvor

18 Desemba

Kwa Dada Gunvor,

Poleni, na mpe Shemeji pole yangu. Lazima mashine ilichanganya vipande. Vitu hivi vina akili zake. Tena ni filamu tu ya wanafunzi, dakika sita! Mwambie Birger aache utoto. Krismasi nije na samaki au na soseji?

Mdogo wako,
Sixten

4 Januari 2010

Kwa Dada Gunvor,

Hujambo? Sikupata jibu, nikajua maana yake, nikala Krismasi hapahapa na mlinzi wa shule. Ni mtu mwema, ila haongei, na kwa wiki mbili nimekuwa na nafasi kubwa ya kujisikiliza.

Jumamosi nakuja kwa basi la mchana, na picha za kura yote, bila kukatwa. Waombe Birger na wenzake waje ukumbini. Nitasimama mbele mwenyewe, lakini ninyi wawili mlisome hili kwanza.

Hakugeuka. Ile shingo inayogeuka, sekunde tatu tu, niliipiga picha nusu saa kabla ya kura, ulipomwita Shemeji kumuuliza kama anataka sukari kwenye kahawa. Mashine haikuchanganya kitu. Mara ya kwanza niliviunganisha nikijaribu tu, kwa sababu mikono haikuwa imezoea. Nikaona kilichotokea. Nikakifuta. Kisha nikakirudisha, kwa sababu aliyekaa jirani yangu alikuwa ameona na kucheka, na tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyecheka kwa kitu nilichokifanya kwa makusudi. Mwalimu Tuva aliniuliza, "Huyu mzee aligeuka kweli?" Nikamwambia ndiyo.

Na neno "Hilding" analosema ni la fungu jingine, lile la shingo na mifupa, kama unavyokumbuka. Paja lilipoguswa, Shemeji, pua yake karibu inagusa mbao za ukuta, alitaja jina. Hiyo sauti niliikata. Alisema, "Sixten." Nililichukua lile fungu, na nimelila.

Mdogo wako,
Sixten