Albamu Iliyowagombanisha Mashabiki

Mpendwa Mukami,

Huku Kiritiri hatujambo. Babu yako sasa anatembea bila mkongojo, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kama wale mume na mke waimbaji wameharibikiwa, maana mashabiki wanagombana kuhusu albamu yao mpya, ile ya kunong'ona na kugongagonga mabati. Nimeisikiliza kwa simu ya mama yako. Mjukuu wangu, sijui.

Nikiwa msichana, bwana mmoja na mkewe, waimbaji tuliowapenda sana, walikuja hapa sokoni. Tulitaka kucheza. Lakini mume aliweka gitaa chini, na mke akaimba polepole bila maneno yoyote. Watu wakazomea: "Tuimbieni zile za zamani!"

Mama yangu alisimama tu, akilia. Alikuwa hajaimba tangu tumzike kaka yangu.

"Mama, twende," nikamwambia. "Hawa wameharibika."

"Hata mimi siwaelewi," akasema. "Lakini ngoja kwanza."

Tukangoja mpaka mwisho. Kesho yake nilimkuta shambani akipalilia mtama, akiimba. Kama ule wimbo ulikuwa mzuri, mpaka leo siwezi kukuambia.

Mungu akutunze huko ugenini.

Nyanya yako,
Ciambaka