Kimashine kilichomnusa Modeste

Doriane, sikia ya leo.

Unakumbuka kile kimashine cha kunusa gesi ya sumu ya makaa, alichotundika fundi Modeste wa Mbarara nyumbani kwangu? Leo akaleta wageni wakione. Nikazima moto kabisa, maana mgeni hakaribishwi na moshi.

Modeste akakisogelea, akasema, "Kikichafuka kinajisafisha chenyewe." Kikalia. Akarudi nyuma, kikanyamaza. Akasogea tena, kikalia tena.

"Sasa ndiyo kinajisafisha," akasema.

Mgeni mmoja, mama, akauliza, "Kinajisafisha kila ukifungua mdomo?"

Modeste akasema basi kimekufa, atakiondoa. Na sisi, Doriane, tunalala humo humo na mtoto, karibu na jiko.

Mimi, mimi unayenijua, nikasema, "Papa Modeste, ni kizima. Kimenusa waragi uliyokunywa."

Kimebaki ukutani. Yeye, wageni wamemrudisha Mbarara, madirisha yote ya gari wazi.