Goti Nililolipima kwa Futi

Ghorofa ya Tatu,
Juu ya Duka la Viatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba mgongo wako umetulia baada ya zile kazi za kuinama kwenye dobi ya hoteli. Huku tunamshukuru Mungu. Wifi yako mzima, cherehani zote mbili zinaunguruma, na kitambi changu kimefika mahali naona haya kujipima. Mwanao Kidoti naye anaendelea vizuri sasa. Hilo neno "sasa" ndilo lililonifanya niichane barua hii mara nne.

Desemba nilikuandikia kwamba mwanao amekuwa mvivu na mwongo. Dada, maneno yale nayala yote. Mtoto alikuwa mgonjwa, na mimi mjomba wake ninayejisifu kuwa na jicho la kupima watu wakiwa bado mlangoni, sikuona kitu.

Yalianzia kooni, mwezi wa tisa. Alishindwa kumeza hata mate, homa juu, zahanati wakampa dawa za siku kumi. Siku ya nne nikamsikia anaimba kwenye ngazi, nikasema huyu kapona, dawa zilizobaki zitunzwe zitatufaa siku nyingine. Wifi yako alibisha. Nilimnyamazisha.

Wiki tatu baadaye akalalamika goti. Unanijua mimi na futi yangu, haitoki shingoni hata nikila. Nikalipima: la kulia lilizidi la kushoto kwa inchi nzima, tena lilikuwa la moto. Siku mbili baadaye nikapima tena, magoti yote sawasawa, na yeye sasa analilia kiwiko. Kesho yake kifundo cha mguu. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba maumivu ya kweli hayahamihami kama mpangaji, na akitaka kudanganya achague kiungo kimoja akae nacho. Wateja walicheka. Nilicheka pia, Mungu anisamehe.

Maumivu yakaisha yenyewe, nami nikajiona mshindi. Kisha Desemba ikaja mikono. Vifungo vya sare anavyonishonea baada ya masomo vikawa vinapinda, sindano inamponyoka, chai inamwagika, uso unajikunja nikadhani ananikejeli. Ngazini alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache akihema. Shati moja nilimfumulisha mara tatu. Ndipo nikakuandikia, na wewe ukamwandikia yeye.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja, mteja wangu, aliyekuja kujaribu gauni lake la kazi. Alimtazama Kidoti kwa muda, akamwomba amshike vidole viwili bila kuachia. Mtoto akawa anabana, analegeza, anabana tena. Muuguzi akauliza habari za koo, kisha za viungo. Nilipomsimulia ile hadithi yangu ya mpangaji, hakucheka.

"Fundi, mlete hospitali kesho asubuhi. Gauni langu litasubiri."

Daktari alisema ni homa ya baridi yabisi. Koo lisipotibiwa likaisha, mwili wa mtoto unaweza kugeuka na kujishambulia wenyewe, leo goti, kesho kiwiko, baadaye mikono, na mbaya zaidi moyo. Yaani kule kuhamahama nilikokufanya ushahidi wa uongo ndiko dalili yenyewe. Mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa, unavuja kidogo. Atachomwa sindano kila wiki nne kwa miaka mingi, na tusipokosa hata moja kuna matumaini hautaharibika zaidi. Tarehe nimeziandika kwa chaki ukutani, juu ya vipimo vya wateja.

Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, cherehani nimezizima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo Mjomba, mimi sikuwa naongopa?" Alikuwa anauliza kweli, Dada. Nilimfanya mtoto asiliamini hata goti lake mwenyewe. Tangu siku hiyo sijui niweke wapi uso wangu.

Ukiamua kumchukua sitakuwa na neno, ila kwanza nijulishe sindano zake atazipatia wapi huko. Na kuna ombi moja. Ile barua yako ya kumkaripia ameikunja ndani ya daftari la hesabu na huisoma. Kosa si lako, uliandika kwa maneno yangu. Tafadhali mwandikie nyingine.

Nisalimie shemeji, na yule shoga yako wa dobi. Wifi yako anakukumbatia. Mungu akulinde ugenini na akupe moyo wa kunivumilia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa aibu nyingi,
Fundi

Mstari huu wa chini ni wa Kidoti. Usiuangalie mwandiko, mkono bado unatulia.

Mama, niliumwa kweli. Mjomba naye anajua.