Sindano Iliyoinua Kope Zangu

Jumatatu, 4 Machi 1985

Gauni la tatu leo. Vitambaa vimejaa mjini! Mwaka juzi tulipanga foleni ya khanga moja, tukarudi mikono mitupu. Sasa duka la Mzee Salimu lina satini, lina krimplini, lina rangi nilizozisahau. Cherehani yangu barazani kwake haipumziki. Nina furaha hadi nasahau kula. Ila jioni macho yananichezea, naona uzi mmoja ni miwili. Uchovu tu.

Jumatano, 6 Machi

Homa. Kiuno kinachoma upande wa kulia. Nimeshona hivyo hivyo. Mama amekasirika.

Ijumaa, 8 Machi

Hospitali, hapa Musoma. Figo limeingia wadudu, kasema daktari. Shuka tumeleta wenyewe kutoka nyumbani Makoko. Dripu mkononi, na dawa inapitia humo humo kwenye mshipa. Jentamisini. Sista kasema nina bahati, imefika juzi. Nimeshukuru. Wiki ijayo nataka niwe barazani, wateja wananingoja.

Jumamosi, 9 Machi

Homa inashuka. Mimi nashuka nayo. Kikombe kizito. Kope

Jumatatu, 11 Machi

Juzi sikumaliza, kalamu ilianguka. Naandika sasa mbio mbio maana nina furaha ya ajabu.

Baada ya dozi ya Jumamosi jioni kope zilijifunga. Shingo ikalegea. Uji niliokuwa nanyweshwa ukatokea puani. Nilisikia kila neno, kujibu siwezi. Pumzi ikawa fupi. Niliogopa kufa. Mama alinishika miguu huku anaomba dua, sista akamkimbilia daktari.

Daktari ni mtu wa Bugwema, mpole. Alisimamisha jentamisini papo hapo. Akamuuliza Mama kama macho yangu yaliwahi kuwa hivi kabla sijaugua.

"Jioni anakuwaga hivi hivi, kama ana usingizi," Mama akasema. "Mimi nilimwitaga mvivu."

Daktari alizitazama tena kope zangu. Akaenda mwenyewe chumba cha upasuaji, akarudi na dawa wanayowachomaga waliokwisha kupasuliwa, ili misuli yao iamke. Akanichoma. Tukangoja. Sista alisimama kichwani kwangu na mpira wa kunisaidia kupumua, kama ingebidi.

Kisha mwanga! Mstari mwembamba kwanza, halafu dirisha, halafu uso wa Mama. Nikainua shingo. Nikainua mkono. Nikasema, "Mama, nina njaa." Wodi ikacheka. Bibi wa kitanda cha jirani, mgonjwa mwenyewe, akapiga kigelegele.

Jumanne, 12 Machi

Daktari amekaa kitandani kwangu akanieleza. Nina ugonjwa wa misuli kuchoka. Nilikuwa nao zamani, polepole. Jentamisini imeuchochea hadi ukajitokeza wote. Nisipewe tena maishani, na kila daktari nimwambie. Figo linatibiwa kwa dawa nyingine. Vidonge vya misuli hapa hakuna, vimeagizwa Mwanza. Hadi vifike nitachomwa sindano.

Nina hasira kidogo. Furaha imezidi. Nilidhani mimi ni mzembe, wenzangu wanashona hadi magharibi mimi nasinzia. Kumbe ni ugonjwa. Una jina! Una dawa! Nimemwambia kila aliyepita wodini, hata mfagiaji.

Ijumaa, 15 Machi

Vidonge vimefika. Kimoja asubuhi, na nusu saa baadaye nimetembea hadi getini bila kushikwa. Nimerudi nacheka peke yangu.

Jumapili, 17 Machi

Makoko. Nimetafuna sato, nikameza vizuri. Upepo wa ziwa umetulia. Mchana, bila kuombwa, Mama ametandika mkeka ukumbini akaweka na mto. Watoto wa jirani walipokuja kupiga kelele, amewaondoa taratibu. Nimelala hadi alasiri, hakuna aliyeniamsha.