Nani Atashika Kamba ya Mama Yako Mdogo?

Ghorofani, juu ya duka la vioo,
Jumapili, mwezi wa tano.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu za baba yako mdogo. Hali yako huko kwenye joto lenu? Mumeo hajambo? Na yule mdogo, meno yameshaota? Sisi huku tu wazima, ukiacha nyonga yangu inayonikumbusha ile ngazi iliyoniangusha kila asubuhi, na mama yako mdogo ambaye hajambo kupita kiasi. Ni hiyo afya yake inayonitia shaka.

Nianze na chaki. Mama yako mdogo ni muuguzi. Muuguzi na chaki wapi na wapi? Lakini kila Jumamosi anarudi nyumbani na vumbi jeupe kwenye blauzi, na viganja vyake vimekuwa vigumu kuliko vyangu mimi niliyeshika brashi ya rangi maisha yangu yote. Nikamuuliza. Akasema ni poda ya glovu. Lisemwalo lipo, na lisilosemwa lipo zaidi.

Halafu nikaviona viatu chini ya kitanda, vya mpira, vidogo, vimepinda mbele kama mdomo wa kasuku. Nilidhani ni vya mtoto wa watu, kumbe ni vyake. Mtu aliyevua viatu vya harusi yetu kabla keki haijakatwa, leo anajibana hivyo kwa ajili ya nani?

Kisha ile simu. Alikuwa jikoni anaongea na wewe, amefungulia bomba ili nisisikie, maji yakakatika ghafla. "Mwezi wa saba basi. Tutapanda alfajiri, kabla mwamba haujapata moto. Na baba yako mdogo asijue." Mwanangu, mimi nimekubeba mgongoni. Asijue nini? Tena safari yenyewe ni kuvuka mpaka kuja huko pwani, kwenye joto lenu, yeye ambaye feni ikizimika hunigombeza kana kwamba umeme natengeneza mimi.

Jumamosi iliyofuata nikamfuata. Sikufichi, nilikuwa nimeshamtafutia mwanamume kichwani mwangu, nikamvika na suti. Akaingia kwenye ghala kuukuu nyuma ya maduka ya samani. Ndani wamejenga ukuta mrefu wa kujifunzia kupanda miamba, umejaa vishikio vya rangi rangi, na wapandaji wanajipaka chaki viganjani wasiteleze. Aliyeupaka hakupiga msasa, rangi inabanduka. Mama yako mdogo alikuwa chini ya ukuta huo anafunga kamba kiunoni, na nyuma yake kijana mmoja wanayemwita Kocha ameshika upande wa pili. Akauliza, "Umenishika?" Kijana akajibu, "Nimekushika. Panda." Akapanda mpaka juu, na hakugeuka hata mara moja.

Roho iliniuma, mwanangu. Afadhali ningekuta mpenzi, huyo ningegombana naye. Tangu nianguke kazini, hata balbu hubadilisha yeye. Ngazi yangu kaificha kwa jirani, na mimi nimebaki dukani kuwachanganyia wenzangu rangi za kwenda kupaka. Siku zote nilidhani ananihurumia. Pale ghalani nikaanza kushuku jambo baya zaidi, kwamba haiamini tena mikono yangu. Ndiyo maana mmenificha safari. Wewe ndiye mshauri wake, kwa hiyo na wewe nakushuku.

Nikamrudia Kocha siku ambayo mama yako mdogo alikuwa zamu. Akanieleza kwamba mshika kamba hapandi popote. Anasimama chini, macho juu, na mkono wake wa chini hauiachii kamba hata nzi akimtua puani. Huu sasa ni mwezi mzima najifunza, na kazi hiyo naiweza. Kocha mwenyewe amekubali, ingawa anacheka sana, na mtu anayecheka sana huwa simwamini moja kwa moja.

Jumamosi ijayo Kocha atamkagua fundo kama kawaida. Akishaugeukia ukuta, nitachukua kamba mimi, na Kocha ataushika mkia wa kamba nyuma yangu kwa usalama. Mama yako mdogo akiuliza kama ameshikwa, nitajibu mimi. Akipanda, nitafutie nafasi kwenye safari yenu. Akiifungua ile kamba kiunoni, nendeni salama, sitauliza tena, nami nitajua nilichokuwa nakishuku.

Msalimie mumeo na yule wifi yako mwenye utani. Mbusu mdogo mashavu yote mawili. Mola awafunike kwa kivuli chake huko kwenye jua lenu.

Ni mimi nikupendaye, pamoja na kukushuku,
Baba yako mdogo.

Nyongeza, Jumamosi jioni. Barua hii sikuituma mapema, nilihofia utamdokeza. Leo nimesimama nyuma yake na kamba mkononi. Akauliza, "Umenishika?" Nikajibu, "Nimekushika." Akaliegemeza paji la uso ukutani. Nikajua basi, anafungua. Kumbe anacheka.

"Chaki niliiona kwenye suruali yako tangu mwezi uliopita," akasema. "Nikawa nangoja tu. Mimi niliogopa utataka kupanda, mzee wewe. Kushika, haya, shika."

Akapanda mpaka juu, na hakugeuka hata mara moja. Nitafutie nafasi, mwanangu.